Dakika nne na sekunde ishirini: kisa cha sauti iliyokatika kabla ya pazia kufunguliwa

Kisa hiki kilitokea katika ukumbi wa maonyesho ambao nilikuwa nimeuchorea mtandao wake wa sauti. Jina la ukumbi, mahali ulipo, tarehe na majina ya wahusika nimeyaondoa. Nyakati nimeziacha kama zilivyoandikwa usiku ule, kwa sababu ndizo zilizotutoa gizani.

Jinsi mfumo ulivyofungwa

Ukumbi ulikuwa umeachana na rundo la nyaya za shaba na kuhamishia sauti yote kwenye Dante, itifaki ya kampuni ya Audinate ya Australia inayosafirisha sauti kwa kebo za kawaida za Ethaneti. Mikisa, yaani meza ya kuchanganyia sauti, iko nyuma ya ukumbi, kama mita 60 kutoka jukwaani. Masanduku mawili ya jukwaani yanapokea maikrofoni na kuzigeuza kuwa data. Pembeni mwa jukwaa kuna chumba chembamba chenye amplifaya na swichi mbili, yaani vifaa vinavyounganisha kebo za mtandao, moja ya mtandao mkuu na nyingine ya mtandao wa akiba. Kila kifaa kikubwa kina milango miwili, kila mlango kwenye swichi yake, ili kebo au swichi moja ikifa sauti iendelee bila mtu kusikia pengo.

Sauti za maikrofoni zilikwenda moja kwa moja kutoka kila sanduku hadi mikisa. Mchanganyiko mkuu ulitumwa kwa multikasti, kwa kuwa ulihitajika sehemu kadhaa kwa wakati mmoja: amplifaya, kinasa sauti, na kirusha mawimbi cha vifaa vya masikioni kwa watazamaji wenye usikivu hafifu. Katika multikasti mikisa hutuma mara moja tu, kisha swichi inawagawia wote waliojiandikisha kupokea. Saa ya mfumo nayo husafiri hivyo hivyo. Kifaa kimoja huchaguliwa kuwa saa kiongozi na vingine vyote hufuata mapigo yake kwa PTP, itifaki ya kulinganisha saa mtandaoni. Bila hiyo, sanduku na mikisa haviwezi kukubaliana sampuli ipi, yaani kipimo kipi cha sauti, kati ya 48,000 za kila sekunde ndiyo ya sasa.

Kulikuwa na kebo moja zaidi. Ilitoka kwenye swichi ya mtandao mkuu, ikapita juu ya dari hadi ofisini. Iliwekwa mwanzoni ili fundi aweze kuongoza mikisa kwa tableti kupitia waifai ya ofisi, na baadaye kila mtu akaizoea. Kwenye mchoro wangu niliichora kama mstari mwembamba, nikaandika pembeni "udhibiti tu".

Kwa nini kebo ile ilichomolewa

Kebo ile ilikuwa mlango wazi. Kompyuta yoyote ya ofisini iliweza kuviona vifaa vya sauti, na mfanyakazi mmoja aliyepakua Dante Controller, programu ya kupangia njia za sauti, kwa udadisi alikuwa ameshawahi kukata njia ya sauti katikati ya mazoezi bila kujua alichobofya. Niliandika waraka mfupi nikashauri mitandao itenganishwe: sauti ijitegemee na iwe na kituo chake kidogo cha waifai chenye nenosiri. Kazi ilipangwa kufanyika siku ambayo ukumbi hauna onyesho.

Siku ya onyesho la kwanza la tamthilia ya muziki, mchana, jambo lile lile likajirudia. Njia mbili za sauti zilipotea kwa sekunde chache, na historia ya programu ikaonyesha mabadiliko yametoka ofisini. Meneja wa ukumbi akaamuru utenganisho ufanyike siku ile ile. Ninamwelewa. Alikuwa na ukumbi uliojaa na mfumo ambao mtu asiyehusika angeweza kuugusa. Lakini hilo ndilo kosa la kwanza katika mlolongo huu, na nililiunga mkono kwa simu. Nilisema, "Chomoeni tu, haina kazi nyingine."

Mlolongo wa matukio

Saa 12:48 jioni kebo ya ofisi ilichomolewa. Fundi mkuu alipiga muziki wa kukaribisha watazamaji, akazunguka ukumbi, akasikiliza spika za kushoto, za kulia na za chini ya roshani. Yote safi. Jaribio lilichukua dakika mbili hivi. Milango ikafunguliwa.

Saa 12:51 muziki ukakatika kabisa. Mita za mikisa ziliendelea kupanda na kushuka kama kawaida. Kwenye orodha ya Dante Controller vifaa vyote vilikuwepo, hakuna hata kimoja kilichopotea.

Fundi mkuu aliwaza kama ambavyo fundi yeyote mzoefu angewaza: sauti inatoka kwenye mikisa, haifiki kwenye spika, basi tatizo ni amplifaya. Saa 12:54 zikazimwa na kuwashwa upya, muziki ukarudi, watu wakapumua. Saa 12:59 ukakatika tena. Safari hii maikrofoni za waigizaji nazo, zilizokuwa zikijaribiwa kwenye vipokea sauti vya masikioni, zilikuwa zinatoa mibofyo midogo midogo.

Lawama ikahamia kwa swichi. Ikazimwa na kuwashwa, na saa 1:04 usiku sauti ilikuwa imerudi. Saa 1:08 ikapotea.

Zikafuata kebo. Kebo za amplifaya zilichomolewa zote, zikawekwa mpya kutoka kwenye boksi. Saa 1:11 muziki ukasikika. Fundi mkuu akaamini kabisa amepata mbaya wake, na kebo zile za zamani zikatupwa sakafuni kama zilizohukumiwa. Saa 1:15, dakika ambayo onyesho lilipaswa kuanza, kimya kikarudi.

Hapa niseme juu ya mtu ambaye bila yeye tungehangaika usiku kucha. Msaidizi wa fundi, kijana aliyekuwa na miezi michache tu kazini, hakuwa amepewa la kufanya. Alichana kipande cha utepe mweupe wa kuandikia majina ya chaneli, akakibandika ukingoni mwa mikisa, akaandika kwa kalamu ya wino mzito kila mara sauti iliporudi na kila mara ilipokatika. Jozi mbili za mwisho alizipima hadi sekunde kwa simu yake. Nilipopigiwa simu saa 1:16 nikaanza kuuliza maswali ya kawaida, nikamsikia kwa nyuma akimwambia mkubwa wake: "Fundi, mwambie zile dakika zinafanana. Ni nne na sekunde ishirini na kitu, zote mbili."

Nilinyamaza. Halafu nikauliza kama kebo ya ofisi bado imechomolewa.

Maamuzi ya dakika zile, na sababu zake

Mezani kulikuwa na njia tatu.

Njia ya kwanza ilikuwa ya fundi mkuu. Alitaka kurudi kwenye nyaya za analogi, kutoka mikisa hadi amplifaya. Nyaya za zamani zilikuwa bado zimepita chini ya sakafu na amplifaya zina matundu ya kuzipokea. Ni wazo zuri, nami hupenda ukumbi unaoitunza akiba ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba lingeokoa spika tu. Mibofyo ya maikrofoni ilitokea upande wa masanduku ya jukwaani, na nyaya zile zisingeyagusa.

Ya pili ilikuwa kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya swichi na kuweka sawa kilichokosekana. Nilikuwa karibu na hakika kinachotakiwa. Lakini ilimaanisha kubadilisha mpangilio mpya juu ya badiliko jipya, kwa simu, mbele ya ukumbi uliojaa, na mtu anayebofya hakuwahi kuufungua ukurasa ule.

Tulichagua ya tatu: kurudisha kebo ya ofisi mahali pake. Hali ya zamani ilikuwa na kasoro tulizozijua, lakini ilikuwa imefanya kazi mfululizo kwa muda mrefu. Kwa kuwa wasiwasi wa watu wa ofisini kugusa mfumo ulibaki, meneja alikwenda mwenyewe ofisini kuzima kompyuta zote. Hilo lilikuwa wazo lake na lilikuwa sahihi.

Kebo ilirudishwa saa 1:19. Nikawaomba wasizime wala kuwasha chochote. Fundi mkuu hakulipenda ombi hilo, na ninamwelewa, maana kukaa mikono mitupu mbele ya watu mia kadhaa ni kazi ngumu kuliko kukimbia. Saa 1:21 muziki ulirudi wenyewe, bila mtu kugusa kitu. Kurudi wenyewe kulitupa ushahidi ambao jaribio jingine lote la usiku ule halikutupa.

Tukangoja dakika kumi kamili kwa saa ya mkononi kabla ya kumruhusu msimamizi wa jukwaa kuendelea. Watazamaji walitangaziwa kuhusu kuchelewa. Pazia lilifunguliwa saa 1:33, dakika 18 nyuma ya ratiba, na sauti ikashika hadi mwisho wa usiku.

Chanzo

Swichi zote mbili za sauti zilikuwa zimewashiwa uchunguliaji wa IGMP. Kwa kawaida swichi isiyo na uchunguliaji humwaga multikasti kwenye kila mlango. Yenye uchunguliaji husoma jumbe za IGMP, ambazo kila kifaa hutuma kusema "nami naitaka sauti ile", kisha inapeleka multikasti kwa walioomba tu. Swichi hizi zilikuwa pia na mpangilio wa kutupa multikasti yoyote isiyo na aliyejiandikisha.

Uandikishaji huo una mwisho. Mahali fulani mtandaoni lazima pawe na kifaa kinachouliza mara kwa mara: "Nani bado anasikiliza?" Vifaa vinajibu, na swichi inahuisha orodha yake. Kwa thamani za kawaida za IGMP toleo la 2, swali hutoka kila baada ya sekunde 125, na asiyesikika kwa muda wa vipindi viwili na sekunde kumi za kujibu hufutwa. Piga hesabu: 125 mara 2, ongeza 10, unapata sekunde 260. Ni dakika nne na sekunde ishirini.

Muulizaji wa mtandao wetu wa sauti alikuwa ofisini. Fundi wa mtandao wa ofisi aliwasha kazi hiyo kwenye swichi yake kuu siku nyingi zilizopita, kwa ajili ya kamera za ulinzi, bila kujua kwamba maswali yake yalipita juu ya dari na kuiweka hai sauti ya ukumbi mzima. Wala mimi sikujua. Kebo niliyoiandikia "udhibiti tu" ndiyo iliyokuwa inashikilia kila kitu.

Ukiwa na hesabu hiyo mkononi, kila tukio la usiku ule linakaa mahali pake. Kebo ilipochomolewa, majibu ya mwisho yalikuwa yameshaandikwa sekunde kadhaa kabla, kwa hiyo kimya cha kwanza kilikuja mapema, baada ya dakika tatu hivi. Amplifaya ikiwashwa upya hujiandikisha upya, na hupewa sekunde 260 nyingine. Swichi ikiwashwa upya, vifaa vyote hujiandikisha pamoja. Kebo mpya inapochomekwa, mlango huamka na kifaa hujiandikisha. Kila dawa ilifanya kazi kwa muda ule ule, na kwa sababu zote zilifanya kazi, kila moja ilionekana kuwa ndiyo.

Mibofyo ya maikrofoni ilikuwa upande wa pili wa jambo hilo hilo. Mapigo ya PTP hutumia multikasti, na yalipoacha kuyafikia masanduku ya jukwaani, kila sanduku lilianza kufuata saa yake lenyewe. Saa mbili za fuwele, hata nzuri, hazitembei sawasawa. Tofauti ndogo ilijikusanya hadi sampuli zikawa zinachelewa kufika na mikisa ikawa inapokea mapengo.

Na kwa nini vifaa viliendelea kuonekana kwenye orodha? Ugunduzi wa vifaa katika Dante hutumia anwani ya multikasti 224.0.0.251, iliyo ndani ya kundi la 224.0.0 ambalo swichi hazipaswi kulizuia kwa uchunguliaji. Majina yalipita, sauti na saa vikazuiwa. Ukurasa wa hali ya saa kwenye programu ile ile ulikuwa unaonyesha wazi kwamba masanduku yamejitenga, lakini hakuna aliyeufungua.

Mtandao wa akiba

Sehemu hii ndiyo inayoniuma zaidi. Tulikuwa na mtandao mzima wa akiba, swichi yake na kebo zake, na haukumsaidia mtu. Asubuhi iliyofuata tuligundua kwa nini. Mipangilio ya swichi ya akiba ilinakiliwa kutoka kwenye ile ya kwanza, uchunguliaji na kila kitu, lakini swichi hiyo haikuwahi kuunganishwa na ofisi. Kwa hiyo haikuwahi kuwa na muulizaji hata siku moja. Tangu ukumbi ukabidhiwe, kila ulipowashwa, akiba yake iliishi dakika nne na sekunde ishirini kisha ikafa kimya kimya, na mtandao mkuu ukaficha kifo hicho.

Karatasi ya makabidhiano inasema akiba ilijaribiwa na kufaulu. Nimeisoma tena. Jaribio lilifanyika mara tu baada ya mfumo kuwashwa: kebo ya mtandao mkuu ikavutwa, sauti ikaendelea, watu wakatia saini. Nilikuwepo, na saini mojawapo ni yangu.

Matengenezo

Kulikuwa na pendekezo la kuuzima uchunguliaji wote na kumaliza shida. Kwa mtandao mdogo wa swichi za gigabiti huo ni uamuzi halali, na ninajua kumbi zinazoishi hivyo vizuri. Hapa niliukataa kwa sababu moja. Kirusha mawimbi cha vifaa vya masikioni na vifaa vingine viwili vidogo vina milango ya megabiti 100. Mkondo mmoja wa multikasti wa chaneli 8, kwa sampuli 48,000 za biti 24, ni zaidi ya megabiti 9 kwa sekunde kabla ya kuhesabu vichwa vya pakiti, yaani data ya anwani inayotangulia kila kifurushi. Ukumbi unatumia mikondo minne na umepanga kuongeza. Sitaki vifaa vidogo vibebe mzigo ambao havikuuomba, hasa kile kinachowahudumia watu ambao bila hicho hawasikii tamthilia.

Tukawasha uulizaji kwenye swichi zote mbili za sauti na kuipa kila moja anwani yake ya IP, kwa kuwa swichi zile hazitumi maswali bila anwani. Ikitokea siku moja mtu akaunganisha tena kebo ya ofisi, waulizaji wawili hawatagombana, maana kwa kanuni ya IGMP mwenye anwani ndogo ndiye huendelea na mwingine hunyamaza. Baada ya hapo ndipo kebo ya ofisi ilipochomolewa kwa mara ya mwisho.

Nini kilifaa, nini kiliharibu

Wengi waliosikia kisa hiki walikimbilia kulaumu badiliko la siku ya onyesho. Ni kweli lilikuwa kosa. Lakini hata lingefanywa siku tulivu, kwa jaribio lile la dakika mbili lingepita, na ukumbi ungegundua tatizo siku nyingine. Urefu wa jaribio ndio uliotuangusha. Mfumo huu una vipima muda ndani yake, na tulipima kwa muda mfupi kuliko kipima muda chake. Tulifanya hivyo mara mbili: siku ya makabidhiano na jioni ya onyesho.

Mchoro wangu ulionyesha kebo na vifaa, haukuonyesha kazi. Haukumwambia msomaji nani ni saa kiongozi, nani anauliza, nani anagawa anwani. Ndiyo maana niliweza kusema "haina kazi nyingine" kwa moyo mweupe kabisa.

Fundi mkuu alitazama mita za mikisa, na mita zile huonyesha kinachotumwa. Mita za amplifaya, zinazoonyesha kinachopokelewa, ziko kwenye chumba chembamba nyuma ya mlango uliofungwa. Sasa ukurasa wa amplifaya na ule wa hali ya saa viko kwenye skrini ndogo kando ya mikisa.

Lililofaa zaidi ni utepe mweupe. Mafundi watatu walikuwa na nadharia tatu na kila nadharia ilipata ushahidi wake wa muda. Namba ya kijana haikuwa nadharia. Ilikuwa muda uliojirudia, na hitilafu ya kebo au amplifaya iliyochoka haina sababu ya kushika sekunde kwa uaminifu namna ile.

Jaribio la mwisho lilifanyika wakati wa mazoezi, waimbaji wakiwa jukwaani, baada ya mfumo kukaa umewashwa saa mbili. Kebo ya mtandao mkuu ya mikisa ilivutwa katikati ya wimbo. Msaidizi alisimama na simu yake akihesabu. Dakika ya tano ikapita, ya kumi, ya ishirini, sauti ikiendelea kupitia mtandao wa akiba. Baada ya nusu saa kebo ikarudishwa, na kwa mkono wake akaandika kwenye karatasi mpya ya makabidhiano muda wa kuanza na wa kumaliza.